Mkono Chini ya Gololi

Kwenye soko la asubuhi, mbele ya lango la kiwanda cha zamani cha gololi, muuza vyuma aitwaye Nie alikuwa amepanga gololi zake juu ya gunia: ndogo za mashine na baiskeli upande mmoja, kubwa za mazoezi ya mkono upande wa pili. Hapa Baoding, kaskazini mwa China, hakuna asiyezijua gololi za mkono. Wazee huzizungusha mbili mbili kiganjani wakiwa kwenye foleni ya hospitali, wakisubiri supu, hata wakigombana na wake zao. Ziko za rangi, zilizochorwa dragoni, zenye uwazi na kengele ndani, ambazo Nie huwauzia wageni. Meng Shuqin alizipita hizo bila kuzitupia jicho.

"Nipe za chuma mpaka katikati," alisema.

"Fundi Meng, nani angethubutu kukuuzia kengele?"

Meng Shuqin alikuwa mkaguzi wa gololi katika kiwanda hicho tangu usichana wake mpaka kilipofungwa. Kiangazi cha mwaka huo kiharusi kilikuwa kimemlegeza mkono wa kulia, na daktari alimwambia azungushe gololi kila siku, la sivyo vidole vitasahau kazi. Alifuatana na jirani yake, mzee Du Baokui, mchomeleaji mstaafu wa kiwanda hicho, aliyezoea kumwita shemeji na aliyekuwa akijitengenezea saa kwa mnyororo wa baiskeli na mifuniko ya sufuria. Gololi ndogo zilitakiwa ziteremke kwenye mfereji na kila baada ya saa mojawapo igonge mfuniko. Hadi siku hiyo saa ya Du ilikuwa ikizimwaga zote kwa mpigo, na jengo zima lilikuwa limeshazoea.

Nie alitoa kipande cha kioo kinene, maana alijua mteja wake. Meng Shuqin akaanza kuzidondosha gololi moja moja juu yake. Gololi nzima huruka juu na kulia kwa sauti nyembamba. Yenye ufa ndani hulia kama mtu mwenye mafua. Alizikataa nyingi. Du alishachagua zake, akanunua kiazi kitamu cha kuchoma, akakimaliza, na Meng Shuqin bado alikuwa ameinamia kioo.

"Shemeji, unachagua gololi au mkwe?"

"Mkwe ningemchagua haraka. Mkwe akiwa na ufa, mtu unazoea."

Hatimaye zikapatikana mbili zilizoruka vizuri. Alizishika, akazihamishia mkono wa pili.

"Hizi zina joto."

"Ndiyo," alisema Nie. "Zimetoka karakana ya tanuri. Za kule zote zina joto, hazijapoa mpaka leo. Nikupunguzie kidogo?"

"Usipunguze. Joto linafaa kwa vidole."

Du aliacha kutania. Karakana ya tanuri ndiko gololi zilikochomwa hadi zikawa nyekundu, kisha zikatumbukizwa kwenye mafuta ili zikomae. Ndiko alikofia mume wa Meng Shuqin, Qiao Hengshan, siku mafuta yaliposhika moto. Ripoti ya kiwanda ilisema kwamba Qiao alisahau kufunga koki ya mafuta, kwa hiyo moto ule ulikuwa kosa lake mwenyewe.

Miaka mingi baadaye kiwanda kilipogeuzwa kuwa mahali pa mikahawa na picha za harusi, wenye mahali walisimamisha kando ya lango ukuta wa shaba wenye majina ya wafanyakazi waliofia kazini. La Qiao halikuwekwa. Aliyejiunguza kwa uzembe hahesabiwi. Meng Shuqin alipita hapo kila alipokwenda kununua kabichi, na kila alipopita aliusoma ukuta wote, asije akawa amelikosa kwa macho mabovu. Hakuwa na tamaa kubwa maishani. Alitaka jina lile liwepo pale, basi.

Nyumbani alianza mazoezi. Gololi ziligongana, zikamponyoka, zikabingirika chini ya kabati, na mtu wa ghorofa ya chini akagonga bomba kwa kijiko. Ikawa hivyo asubuhi baada ya asubuhi. Halafu siku moja, akiwa ameketi kibarazani penye jua, gololi zikaanza kumtoka tena na hazikuanguka. Chini ya mkono wake palikuwa na mkono mwingine umezikinga.

Ulikuwa mkono wa kushoto, umeishia kwenye kifundo, ndani ya ncha ya mkono wa koti la bluu la kiwanda. Kifungo kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mwekundu kwa sababu siku ile Meng Shuqin alikuwa ameishiwa uzi wa bluu. Kucha ya kidole gumba ilikuwa nyeusi, ile iliyopigwa nyundo mwaka waliooana.

"Umechelewa," alimwambia.

Mkono ulimbinya vidole kidogo, kama ulivyozoea kufanya ulipokemewa. Kisha ukamsukumia gololi ya kwanza, akasukuma ya pili, na wakaendelea mpaka wakati wa kuinjika wali.

Tangu hapo ulikuja kila asubuhi alipozichukua gololi, na ulikaa mpaka alipoziweka. Alijifunza kuzitia mfukoni akifanya kazi, na kuziweka kwa kuchelewa. Mkono ulishika kabichi akakata, ulifungua mitungi ya achari iliyokuwa imemshinda tangu kiangazi, ulimkuna mgongo. Meng Shuqin alishukuru kwa sauti, kila mara, maana zamani akiwa kijana hakuwa na mazoea hayo na alikuwa na deni la asante nyingi.

Du alipopanda kuazima koleo, aliukuta mkono ukimenya kitunguu saumu.

"Huyu si Qiao?"

"Ndiye. Kaa, kuna chai."

"Karibu tena, ndugu yangu," Du aliuambia mkono. "Ubao wa sataranji uko wapi?"

Walicheza. Mkono ulimfunga Du mara mbili, na mara ya pili aliukamata ukikificha kipande chini ya ncha ya koti.

"Mwizi ni mwizi tu! Kimerudi kipande cha mtu, na hicho kipande kimerudi na wizi wote!"

Aliugeuza kwa nguvu ili akitoe kipande chake, na ndipo alipokiona kiganja. Kilikuwa na chapa ya kuungua, duara la gurudumu, lenye uvimbe mmoja mnene upande wa juu. Du alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akavaa miwani, akakitazama tena.

"Shemeji, hiki ni kiungo nilichochomelea mimi."

"Kipi?"

"Hili ni gurudumu la koki ya mafuta. Lilivunjika, nikaliunga. Niliharakisha, nikaacha nundu. Qiao alinicheka wiki nzima, akasema nimelitia jipu." Aliligusa jipu lile kwa ncha ya kidole. "Aliyesahau koki hawezi kuwa na alama hii. Huyu alikuwa amelikamata gurudumu la moto analizungusha. Aliifunga, shemeji. Sisi wengine tukatoka."

Meng Shuqin alikishika kiganja. Halafu alisema, "Nilijua. Lakini nashukuru kuambiwa." Akalia, na mkono ukamfuta machozi kwa upande wa nyuma, usije ukamkwaruza kwa kovu.

Walikwenda wote kwenye ofisi ya mahali pale pa mikahawa, gololi zikizunguka njia nzima ili mkono usiondoke. Msimamizi wa mahali hapo, Fang Ruoyu, msichana mwenye adabu na sweta ya njano, aliwamiminia maji ya moto katika vikombe vya karatasi. Aliweka kikombe cha tatu mbele ya mkono. Alikisoma kiganja kwa makini, akamsikiliza Du hadi mwisho, hata akaomba aelezwe tena ile habari ya jipu.

"Fundi, mimi naamini," alisema. "Hapa hakuna asiyeweza kuamini. Imo kwenye ngozi."

"Basi liandikeni jina," alisema Meng Shuqin.

"Ripoti ilitolewa na kiwanda, shangazi. Ni kiwanda peke yake kinachoweza kuirekebisha."

"Kiwanda kimefungwa."

"Ndiyo hapo." Fang aliinamisha kichwa. "Kiwanda kilichofungwa hakina wa kugonga muhuri. Kosa lake linabaki kama lilivyo."

"Na huyu je?" Du alinyanyua mkono ule kwa kidole kimoja. "Huyu si shahidi?"

"Shahidi huulizwa maswali, akajibu. Nisamehe, mjomba."

Aliusindikiza ugeni hadi ngazini na kupeana mikono na wote, Qiao akiwa wa mwisho. Alisema baadaye kwamba ulikuwa mkono wa joto sana. Hakuna mtu mtaani kwetu aliyemchukia msichana yule, na hakuna jambo lililobadilika.

Siku fupi kuliko zote za mwaka ilifika. Siku hiyo kwetu ni lazima mtu ale jiaozi, vifuko vya unga vyenye nyama na kabichi, asije akapigwa na baridi masikio yakamdondoka. Vidole vya Meng Shuqin vilikuwa vimepata nguvu ya kushika kijiko lakini si ya kukunja vifuko, kwa hiyo yeye alijaza na mkono ukafunga, kila kimoja kwa mbinyo mmoja, kama Qiao alivyovifunga siku zote, vinene na vya ovyo. Gololi alizipakata mapajani zisipoe. Du alileta siki na saa yake, ambayo mkono ulikuwa umeupinda mfereji wake kidogo tu, na saa sita kamili gololi moja ikateremka peke yake na kugonga mfuniko. Du alisimama akaupigia makofi. Wakala mpaka wakashindwa kuinuka. Meng Shuqin alisema kwamba hajawahi kuwa na msimu wa baridi mzuri kama huo, na hayakuwa maneno ya kupamba meza.

Kesho yake, wakitoka sokoni, mkono ulimvuta kuelekea uwanja wa mbele ya lango. Wakati wa joto wazee wetu huandika pale kwa maji, kwa brashi ndefu za sponji, maneno makubwa juu ya vigae. Yanapendeza, yanakauka, wanaandika mengine. Qiao alikuwa bingwa wao. Baridi ikiingia brashi zote hufungiwa nyuma ya kibanda cha mlinzi, kwa sababu maji huganda na watu huvunjika nyonga. Mkono ulikwenda moja kwa moja nyuma ya kibanda, ukachomoa brashi.

"Qiao, watateleza watu," alisema Meng Shuqin.

Lakini mkono haukwenda kwenye vigae. Ulimvuta hadi kwenye ukuta wa shaba, mwisho wa safu ya chini, mahali palipobaki wazi. Akaelewa. Alifungua chupa yake ya maji ya moto, akalowesha sponji, na yeye na mumewe wakaishika brashi pamoja. Jina liliandikwa juu ya shaba likitoa mvuke. Kabla hawajaifunga chupa lilikuwa limeganda, Qiao Hengshan, nene na jeupe kuliko majina yote mengine.

Mlinzi alimkimbilia Fang kumuuliza kama alikwangue. Fang alishuka, akasimama mbele ya ukuta viganja vikiwa ndani ya mikono ya sweta.

"Kanuni inakataza rangi, wino, karatasi na kuchonga," alisema.

"Na barafu?" aliuliza mlinzi.

"Barafu ni hali ya hewa. Hali ya hewa si kazi yetu."

Baridi yote jina lilikuwepo. Maharusi walipiga picha nalo bila kujua. Wastaafu wa karakana ya tanuri walikuja mmoja mmoja, wakavua kofia na masikio yao yakawa mekundu, wakasema asante, wakavaa kofia. Meng Shuqin alipopita na kabichi yake hakuwa na haja ya kuusoma ukuta wote. Alianzia mwisho.

Kisha jua likapata nguvu. Herufi zilianza kutoka jasho, zikakonda, na siku moja mchana zikawa dimbwi dogo chini ya ukuta, ambalo mlinzi alilifagia kwa adabu. Ukutani palibaki majina yaleyale ya mwanzo, kwa idadi yao ileile, na ripoti ikabaki ripoti.

"Mwaka huu baridi imewahi kwisha," alisema Du kwa hasira.

"Imetupa ya kutosha," alisema Meng Shuqin. "Mimi nilikuwa sina hata siku moja."

Alikuwa amesimama mbele ya gunia la Nie, gololi zikizunguka kiganjani bila kugusana, mkono mmoja juu na mmoja chini. Wazee walikuwa wamerudi uwanjani na maji yao, na Nie alikuwa ameleta brashi mpya za msimu. Alimpa iliyo nyepesi, kwa ajili ya mkono mgonjwa. Meng Shuqin aliirudisha, akaomba yenye sponji kubwa kuliko zote, inayobeba maji mengi, ili barafu ya mwaka ujao iwe nene na ichelewe kuyeyuka.