Mazoezi ya Mwisho ya Mwalimu Wachira

Zamu ya kupokea ushirika wa maombi nyumbani ilipomfikia Nyaguthii, akina mama wa kanisa walimpigia simu kumwambia watamruka. Nyumba yenye mgonjwa wa kulala, walisema, isisumbuliwe.

"Njooni," akawajibu. "Kwangu chai haijapigwa marufuku."

Sababu hakuwaambia. Saratani ya koo ilikuwa imemla Wachira sauti yote. Tangu hospitali imrudishe nyumbani Kitengela na mpira wa kulishia tumboni, mumewe huyo alikuwa akigeukia ukutani kila Biblia ilipofunguliwa. Mtu aliyefundisha kwaya miaka ishirini! Kwamba atakufa, Nyaguthii alishakubali. Kumzika akiwa amemfungia Mungu mlango, hapo ndipo alipokwama.

Alhamisi saa tisa walifika sita, wakajibana kati ya kitanda na kabati. Wachira akageukia ukutani. Kiongozi wao, Mama Bedan, akaomba kwa nguvu zote: mgonjwa ainuke, ale nyama choma kule Kisaju kabla mwezi haujaisha.

"Mama Bedan," Nyaguthii akamkata, "huyu hata mate hamezi. Omba kitu kingine."

Mama Bedan akaacha kuomba, akaanzisha wimbo. Walikuwa wamezika Jumamosi tatu mfululizo, na mdomo wake ukaenda ulikozoea: wimbo wa kutoa mwili mochari. Wenzake wakaitikia kabla akili haijawafikia. Katika mstari wa pili Lorna, mdogo wao kwa umri, akamfinya jirani yake. Sauti zikafa mojamoja.

Wachira akageuka. Uso ulikuwa umebaki mifupa na macho. Akapapasa daftari lake, akaandika polepole, na Nyaguthii akawasomea.

"Sauti ya pili mnalia kama mbuzi wa soko la Kajiado. Ndivyo mtakavyonizika?"

Hakuna aliyejua kama anaruhusiwa kucheka. Nyaguthii akaanza, kicheko kikamtoka pamoja na machozi na kamasi, cha kwanza tangu Januari, ugonjwa ulipojulikana.

"Tusamehe, Mwalimu," Mama Bedan akasema, uso ameuficha kwa kitambaa cha kichwa.

Wachira akaandika tena: "Na mstari wa ufufuo msiukimbie. Huo ndio ninaoungoja."

Basi akawafundisha kwa kidole. Lorna alirudishwa nyuma mara nne, peke yake. Walipoanza tena wote pamoja, maumivu yakampiga Wachira, akajikunja, jasho likalowesha shuka. Nyaguthii akasukuma dawa kwenye mpira kwa bomba la sindano.

"Waende, Baba Shiro?" akamuuliza mumewe.

Akatikisa kichwa. Kidole kikapanda tena, kikawangoja.

Nyaguthii hakuwahi kuwa mwanakwaya. Akasimama na bomba tupu mkononi, akashika sauti ya pili pamoja nao, macho kwenye kidole cha mumewe kilichokuwa kikimwambia: polepole, mama, polepole.