Kura ya Mama Chiriku

Mtoto alizaliwa kiziwi, na baba yake, fundi cherehani, ndiye aliyempa jina la Chiriku. Waliolisikia mara ya kwanza walidhani ni kejeli, lakini fundi alikuwa na maana yake. Mikono ya binti yule haikutulia. Akirudi shule alisimama kando ya cherehani akaanza kusimulia, vidole vikikimbizana, nyusi zikipanda na kushuka, na fundi, ambaye hakuelewa hata robo ya habari, aliitikia kwa kichwa huku mguu ukikanyaga pedeli.

"Nyumba hii ina wasemaji wawili," aliwaambia wateja. "Mmoja wa mdomo, mmoja wa vidole. Zamu yangu haijawahi kufika."

Msemaji wa mdomo alikuwa mkewe. Mama Chiriku alikuwa dobi wa hospitali kuu, kwenye chumba cha kufulia nyuma ya wodi, mahali pa mvuke na mashine zinazonguruma kutwa, na ndiyo maana hata nyumbani alisema kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Mtoto walimpata wakiwa wameshakata tamaa, na hawakupata mwingine.

Shule ya Chiriku ilikuwa chumba kimoja mwishoni mwa shule ya msingi ya kawaida. Humo walisoma viziwi saba wa rika mbalimbali chini ya mwalimu mmoja, mwanamama aliyevaa miwani minene, ambaye watoto walimwita kwa kuzungusha vidole machoni. Wazazi nao wakamwita Mwalimu Miwani. Watoto walipeana majina ya namna hiyo hiyo. Rafiki mkubwa wa Chiriku alikuwa Kishimo, aliyeitwa hivyo kwa kuwa akicheka shavu lake lilibonyea. Wawili hao walizungumza tangu geti linafunguliwa hadi linafungwa, na darasani iliwabidi watenganishwe kama watoto wengine wapiga kelele.

Mwalimu Miwani aliwaomba wazazi waje Jumamosi kujifunza lugha ya alama. Fundi na mkewe walikwenda mara mbili. Baada ya hapo ikawa leo kuna nguo za harusi, kesho kuna zamu ya ziada. Nyumbani walikuwa na alama zao chache za kula, kulala, kuoga, njoo na acha, na waliona zinatosha. Mtoto alikuwa na watu wake wa kuzungumza nao. Haraka ya nini?

Kisha ugonjwa ukaingia. Tangazo la kufunga shule lilitoka jioni ya Ijumaa, watoto wameshatawanyika. Jumatatu Chiriku aliamka, akavaa sare, akabeba mkoba. Baba yake alimzuia mlangoni. Alitikisa kichwa, akamvua mkoba, akamwonyesha kitanda. Binti alimkazia macho kwa muda, kisha akaenda kuketi. Siku iliyofuata alivaa tena, na ikawa vivyo hivyo. Mwisho fundi aliikunja sare akaifungia sandukuni, maana aliona inamtesa mtoto bure.

Huko hospitali mambo yalikuwa yanatisha. Mashuka yaliletwa kwa mafurushi yaliyofungwa mara mbili, na mama Chiriku alijua kwa wingi wake usiku ulikuwaje wodini. Kukunja shuka ni kazi ya watu wawili, mmoja kila upande, wanakutana katikati na kuachana. Aliyekuwa akikunja naye miaka yote, mwanamke mcheshi aliyemwita wifi kwa utani, alianza kukohoa siku moja mchana. Wiki haikuisha akazikwa na watu wa kuhesabika, na yeye hakuruhusiwa kwenda. Tangu hapo alikunja peke yake, ncha moja ya shuka ameibana kwenye pembe ya meza.

Aliapa ugonjwa ule hautapita mikononi mwake ukafika kwa mwanawe. Akirudi alipitia uani, akaloweka nguo, akaoga, ndipo akaingia. Alikula peke yake na kulala kwenye mkeka sebuleni. Barakoa hakuivua. Chiriku alipomkimbilia, alinyoosha mikono mbele kumzuia, kisha akamwashiria aende chumbani kwake. Siku za mwanzo binti alijaribu tena na tena. Baadaye akawa mama akiingia, yeye anaondoka mwenyewe.

Fundi ndiye aliyeshinda naye, kwa hiyo ndiye aliyeona. Mwanzoni mtoto alisimama mbele ya kioo cha kabati akizungumza na sura yake. Halafu alama zikapungua. Siku moja fundi alimkuta mbele ya kioo kile kile, mikono imelala ubavuni, anajitazama tu. Alimtekenya, akamchezea vikaragosi vya vitambaa, akamkosoa kwa makusudi apate kukasirika. Hakupata kitu. Alipomweleza mkewe usiku kupitia mlango, alijibiwa kuwa mtoto anakua, wasichana hunyamaza wakikua, na kwamba afadhali mnyamavu mzima.

Basi serikali ikaruhusu madarasa ya mtihani yafunguliwe, na kuhusu vitengo maalumu kama kile cha viziwi ikasema wazazi waamue wenyewe. Mkutano uliitishwa uwanjani, viti mbalimbali, barakoa usoni. Mwalimu Miwani alieleza angefundishia barazani penye hewa, na amejitengenezea barakoa yenye kidirisha cha plastiki ili watoto waone midomo yake. Mwenyekiti wa kamati, muuza saruji asiyependa mikutano mirefu, akasema nyumba moja kura moja, na matokeo yatakayotoka hapo yasiletewe maneno njiani. Kulikuwa na mabishano. Mzazi mmoja alisema watoto wa wakubwa wanasoma kwa kompyuta, na wa kwao wanaoza. Mwingine akamuuliza kama aliye kwenye jeneza haozi. Walipohesabu, nyumba sita zilikuwa zimegawanyika sawa kwa sawa. Ilibaki nyumba ya fundi.

Fundi alisimama. Hakuwa mzoefu wa hadhara, akawa anakunjakunja kofia yake. Alisema binti yake alikuwa chiriku kweli, na sasa nyumba imekuwa kimya kama ya wafiwa. Alisema anaogopa ugonjwa kama kila mtu, ila kuna kitu kingine kinachomla mtoto na hakina dawa hospitali. Alitaka shule ifunguliwe.

Mama Chiriku alisimama kabla mumewe hajaketi. Aliwasimulia mafurushi, na mwenzake wa kukunja mashuka. Kwa mara ya kwanza watu waliomjua walimsikia akisema polepole.

"Mtoto aliyenyamaza nitamngoja," alisema. "Atasema kesho, atasema mwakani. Mtoto aliyekufa nitamngoja wapi?"

Mwenyekiti akawatazama mume na mke, akauliza nyumba yao inasema nini basi, maana nyumba haiwezi kuwa na ndimi mbili. Fundi alimtazama mkewe. Aliona macho yake juu ya barakoa, mekundu kwa dawa ya kufulia na kukosa usingizi, akakumbuka kuwa ni yeye anayeingia kila asubuhi pale ambapo wengine wanapakimbia. Hakuwa na moyo wa kumshinda mbele za watu.

"Andika aliyosema mama Chiriku," alisema.

Kitengo kikabaki kimefungwa. Mwalimu Miwani aliwashukuru, akatoa barakoa yake yenye kidirisha na kuitia mkobani.

Haikupita muda, shule moja iliyofunguliwa ng'ambo ya reli ilipata msiba. Mlinzi alikufa, wakafuata walimu wawili. Majirani walimpungia mama Chiriku mkono kwa mbali, wakamwambia ana akili. Fundi pia alimwambia hivyo, na alisema kweli.

Lakini miezi ilivuta miezi. Shule zilipofunguliwa zote, sare ya Chiriku ilikuwa imepanda juu ya magoti, na fundi alishusha pindo mpaka kitambaa kikaisha. Alimpeleka mwenyewe. Binti alitembea mbele kwa haraka, na karibu na geti akaanza kukimbia, jambo ambalo baba yake hakuwa ameliona tangu mwaka uliopita. Akapita madarasa yote, akafika kwenye chumba cha mwisho, akasukuma mlango.

Ndani kulikuwa na madawati mabovu yaliyopangwa hadi darini.

Mwalimu mkuu aliwaeleza kwa masikitiko ya kweli. Mwalimu asiye na wanafunzi hakuachwa akae bure. Mwalimu Miwani alihamishiwa mkoa wa mbali. Mama yake Kishimo, aliyekuwa akifanya kazi za ndani, alipoteza kazi, akachukua wanawe wakarudi kwao kijijini, na simu yake haipatikani tena. Kati ya watoto saba walirudi watatu, na kwa watatu hawafungui kitengo. Wangewekwa madarasa ya kawaida, kila mmoja la rika lake.

Chiriku aliwekwa dawati la mbele. Alinakili ubaoni kwa mwandiko mzuri, mstari kwa mstari, pamoja na tarehe, na hakuna aliyejua kama anaelewa. Mapumziko alisimama ukutani. Nyumbani alikula, akaosha sahani, akalala. Mikono yake haikusema neno, hata zile alama chache za nyumbani hakuzitumia. Alipotaka maji aliyafuata mwenyewe.

Sasa mama yake aliona. Ugonjwa ulikuwa umepungua, alishaacha mkeka na kurudi chumbani, alishavua barakoa, na alipomfungulia mwanawe mikono, mwanawe alisimama pale pale, akingoja kuashiriwa aende chumbani. Mama Chiriku alikwenda kulia uani, kwa sauti yake ile kubwa, na fundi alisimamisha cherehani mpaka alipomaliza. Hakumlaumu hata kwa jicho. Hilo lilimuuma mke kuliko lawama.

Alikwenda kwa mwalimu mkuu, akaomba namba ya Mwalimu Miwani, na Jumapili moja mchana yeye na mumewe wakampigia simu ya video. Waliiegemeza kwenye cherehani, wakamketisha Chiriku mbele yake. Uso wenye miwani ulipotokea, mtoto alishtuka akarudi nyuma. Mwalimu alianza kuzungumza kwa mikono, taratibu, akitabasamu. Alizungumza kwa muda mrefu. Chiriku alitazama tu. Halafu vidole vyake vikasogea kidogo, karibu na kifua, kama mtu anayenong'ona.

Mwalimu aliacha kutabasamu. Akauliza kitu. Mtoto akajibu, mara hii kwa kirefu kidogo, akiangalia chini na juu.

"Anasema nini, mwalimu?" fundi aliuliza.

Mwalimu Miwani alivua miwani akaifuta, ndipo akajibu. "Anauliza alikosa nini."

Hawakumwelewa.

"Hajui kama kulikuwa na ugonjwa," mwalimu alisema. "Hakuna aliyemwambia. Anasema alivuliwa sare, akafungiwa ndani. Anasema watu wote walianza kufunika midomo ili asione wanachosema. Anasema mama alimchukia, hakutaka tena kumgusa. Amekuwa akijitafuta kosa muda wote huu. Anadhani ni kwa sababu siku ile ya mwisho alimvunjia Kishimo penseli."

Fundi alishika meza ya cherehani kwa mikono miwili.

Mwalimu alimgeukia mtoto, akamweleza. Walimwona anavyochora kwa mikono yake kikohozi, kitanda, watu wengi, kaburi. Kisha nguo zinazofuliwa, mama anayerudi amechoka, mama anayeogopa. Chiriku alifuatilia bila kupepesa. Mwisho akauliza swali fupi, na kwa namna alivyowageukia wazazi wake walilielewa kabla halijafasiriwa.

"Anauliza mbona hamkumwambia," mwalimu alisema.

"Hatukujua namna," fundi alijibu.

Mama Chiriku alisogea mbele ya simu, akamwomba mwalimu amwambie mtoto kuwa mama yake anamwomba msamaha. Mwalimu alikataa kwa upole, akasema hilo afadhali mtoto alipate kwa mama mwenyewe. Akamfundisha alama. Mama aliijaribu kwa vidole vilivyochunwa na dawa, akakosea, akaelekezwa, akarudia mbele ya mwanawe, mara ya kwanza, ya pili, machozi yakimtiririka kidevuni.

Chiriku aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtoto anavyomwitikia mgeni. Akampungia mwalimu mkono. Akainuka akaenda chumbani kwake, akajilaza kitandani, uso ukutani.

Wazazi walikubaliana na mwalimu kuwa watapiga kila Jumapili, na kwamba safari hii ni wao wanaojifunza. Mwalimu aliwaambia wasitarajie mengi upesi, maana mtoto aliyezoea kutojibiwa huacha kuuliza. Simu ikakatika. Fundi alibaki kwenye kiti chake, mguu juu ya pedeli, hana cha kushona.

Mama Chiriku alimfuata binti chumbani. Hakuwa na alama ya kumwambia lolote, na hata angekuwa nayo, mtoto alikuwa amempa mgongo. Alijilaza nyuma yake juu ya kitanda kile chembamba, akaweka kiganja katikati ya mabega yake. Mtoto alisogea kidogo kumpisha nafasi. Hakugeuka. Mama alikaa hivyo mchana wote, akiusikiliza mgongo ule ukipanda na kushuka, na jirani aliyepita dirishani akisalimia hakujibiwa na mtu.