Vua Jezi, Pesa Imefika

Mdogo wangu Tihomir akija kutoka Vienna, kijiji kizima hujua kabla hajazima gari. Hupiga honi kuanzia darajani. Anazipita zile nyumba za ghorofa tatu zilizojengwa kwa pesa za nje, ambazo hakuna mtu anayelala ndani, analipita kanisa, kisha anasimama mbele ya baa yangu na kupaza sauti, "Dada Persa, kuna watu humu au mmekufa wote?" Mwaka huu nilitamani kumjibu kwamba ndiyo, tunakwisha, na beleshi la kutuzikia unalo wewe.

Acha nisimulie nikiwa na hasira hivi hivi, maana zikipoa nitaanza kumtetea. Nimembeba mgongoni yule.

Mwezi wa Juni timu yetu ya Topolnik ilipanda ligi ya kanda kwa mara ya kwanza. Waliotupandisha ni watoto wetu, wale wachache waliobaki: fundi matrekta, wawili wa machimboni, mmoja anayefuga nguruwe na baba yake, na mwanangu Ognjen, nahodha, namba nane. Bao la kupanda alilifunga yeye kwa kichwa, kwenye matope, na jino likabaki uwanjani. Wenzake walimbeba huku mdomo unamtoka damu, naye anacheka.

Mimi nililia siku ile, na si kwa sababu ya jino. Ognjen alikuwa ameshapata kazi Vienna ya kuweka vigae. Binti yangu yuko Linz, mji wa nchi hiyo hiyo, ameolewa huko. Baba yao alikwenda huko kazini kwa miezi sita na sasa ana familia nyingine. Nilibakiwa na huyu mmoja, na mwezi wa Machi aliniambia, "Mama, tukipanda nabaki. Tusipopanda naondoka." Basi walipopanda, niliwapa watu bia bure mpaka pipa likakauka.

Tihomir alikuja wiki iliyofuata. Yeye ndiye mwenyekiti wa timu, kwa kuwa watu wetu wa Vienna ndio wanaochanga na yeye ndiye mwenye mdomo mkubwa kuliko wote. Mkutano ukafanyika kwangu, meza zikaunganishwa, kahawa ikazunguka, na rakija, ile pombe yetu kali ya matunda, ikaifuata.

Kocha wetu ni Krsta, aliyekuwa mwalimu wa michezo shuleni kabla shule haijafungwa kwa kukosa watoto. Alisimama akasema, "Tunahitaji vitu viwili. Golikipa, maana wetu jua likizama haoni. Na pampu ya kumwagilia uwanja. Basi."

Tihomir akacheka mpaka akapaliwa. "Mwalimu, kule juu si chandimu. Unataka kwenda harusini na kandambili?"

"Hizo kandambili ndizo zilizotufikisha."

"Zimetufikisha mlangoni. Ndani zinavuliwa."

Wanaume wakacheka. Krsta akamwuliza atatumia kiasi gani.

"Kitakachotosha."

"Kitakachotosha nini?"

"Kuwanyamazisha Brestovo," akasema Tihomir, na hapo walipiga makofi hata wazee waliokuwa wamesinzia. Brestovo ni kijiji cha ng'ambo ya mto. Nao wana watu wao Vienna, na kila Jumamosi, kwenye mkahawa mmoja huko, hao watu humtania mdogo wangu kuhusu mpira. Kumbe mambo yote yalikuwa hayo. Pesa itumwe kutoka Vienna, wachezaji wanunuliwe Topolnik, ili mtu mmoja anywe kahawa yake Vienna kwa raha.

Nikauliza kutoka kaunta, "Na hawa watoto wetu je?"

"Watajifunza wakiwa benchi, dada."

"Tiho, benchi humfundisha mtu kukaa."

"Wewe tuletee barafu," akasema. Nikaleta barafu. Mpaka leo nikikumbuka nilivyoibeba ile barafu nataka kujipiga kofi.

Akanunua saba. Walikuwa wanakuja kutoka mjini Alhamisi kwa mazoezi na Jumapili kwa mechi, kwa magari mawili, na hawakuwahi hata kuingia kwangu kunywa maji. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hao walikuja, na mimi ninayeishi hapa sijaona aliyepona.

Aliyepewa namba nane aliitwa Dalibor. Aliwahi kucheza ligi kuu nusu msimu, akaumia, na tangu hapo anauza hiyo nusu msimu kijiji hadi kijiji. Ognjen alimpelekea jezi mwenyewe, imefuliwa, imekunjwa. Nilikuwa nimesimama kando.

"Inabana kidogo kwapani," Ognjen akamwambia.

"Usijali, nitaletewa mpya," Dalibor akasema, akaiweka juu ya boneti ya gari. Gari liliondoka nayo, ikaangukia barabarani, nikaiokota mimi. Kesho yake Ognjen akakata tiketi.

Sikumlaumu. Nilifunga mlango wa stoo nikamtukana mdogo wangu mbele ya makreti ya bia mpaka sauti ikakauka.

Basi la Vienna hupita kwetu Jumapili saa kumi na moja jioni, na kituo chake ni mbele ya baa yangu, ng'ambo ya barabara kutoka uwanjani. Jumapili aliyochagua Ognjen ndiyo ile ya mechi ya kwanza nyumbani. Mpinzani, Brestovo. Mpira unaanza saa kumi.

Jumamosi Tihomir alifanya sherehe. Alichoma ng'ombe mzima, akaleta wapiga tarumbeta kutoka kusini, na akawatunza kama anavyotunza mtu anayejua kwamba anatazamwa: noti kwenye paji la uso la mpigaji, noti ndani ya mdomo wa tarumbeta, noti kwenye ngoma. Watu wa Brestovo walisimama ng'ambo ya mto kusikiliza, naye akaagiza wapigaji wageukie upande ule.

Jumapili robo saa kabla ya mpira, Krsta alitoka chumba cha wachezaji akiwa mweupe kama unga. Wale saba wamekaa na viatu vyao miguuni na hawatoki. Waliahidiwa pesa ya kusajiliwa kabla ya mechi ya kwanza ya nyumbani, na pesa hawaioni. Tihomir akajipapasa mifuko mbele yetu sote. Pesa yao ilikuwa imebandikwa usiku wa jana kwenye mapaji ya wapiga tarumbeta.

"Nitawapa kesho benki ikifunguliwa," akawaambia mlangoni.

Dalibor akajibu kutoka ndani, bila hata kuinuka, "Basi nasi tutacheza kesho."

Ng'ambo ya uwanja Brestovo walishajua na walikuwa wanaimba. Mwamuzi akaangalia saa. Tihomir akanigeukia, na uso wake ulikuwa ule wa utotoni alipovunja kitu akataka niseme nimevunja mimi.

"Dada, mwite Ognjen. Waite wote."

"Waite wewe. Si ulisema wajifunze kukaa?"

"Persa, nakuomba. Tutaaibika."

Ningemwacha aaibike. Mungu ananiona, nilikuwa tayari hata kumletea kiti akae aaibike vizuri. Lakini nilimwona Ognjen kwenye ngazi za baa, begi liko miguuni, hatazami kwingine isipokuwa uwanjani. Nikavuka barabara.

"Mjomba wako anakuhitaji," nikamwambia. "Wale wamegoma. Ukitaka kukataa, kataa, nitakuwa upande wako."

Akalisukuma begi kando kwa mguu. "Ile jezi unayo?"

Nilikuwa nayo stoo, juu ya makreti, na nilikuwa nimeipiga pasi, sijui kwa nini. Akaivaa pale pale barabarani. Wenzake watatu waliokuwa wanasafiri naye walimfuata, na wengine wakaruka kutoka jukwaani.

Watoto wale walicheza. Sitawadanganya kwamba walicheza vizuri. Golikipa wetu aliutema mpira mara mbili na mfuga nguruwe akauondoa mstarini kwa tumbo. Lakini kwenye dakika za mwisho za kipindi cha kwanza Ognjen aliupokea mpira nje ya boksi, akamhadaa mtu wa Brestovo mpaka akakaa chini, akapiga chini kushoto. Bao. Nilimkumbatia mwanamke ambaye hatujasalimiana tangu kesi ya mpaka wa shamba.

Kipenga cha mapumziko kilipolia basi lilikuwa limeshasimama mbele ya baa, na dereva ameshapakia mabegi ya ngazini. Ognjen alikuja mbio mpaka kwenye uzio, amelowa jasho, pengo lake linaonekana.

"Mama, mwambie dereva aende. Nabaki."

"Unabaki leo au unabaki?"

"Nabaki, mama. Teremsha begi langu, limeshapakiwa."

Sijawahi kuvuka barabara ile upesi namna hiyo. Nilimpa dereva kahawa na kipande cha nyama ya ng'ombe wa jana, nikaingia kwenye buti la basi kwa magoti na kulivuta begi la mwanangu kutoka chini ya mabegi ya watu. Ni zito, limejaa viatu vya kazi. Nikaliweka ukumbini, nikafunga mlango, na nikakaa juu yake kidogo. Nilikuwa nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Nilipotoka Ognjen alikuwa anakuja, kifua wazi, jezi mkononi.

"Begi liko wapi?"

"Nimeshaliteremsha."

"Lirudishe."

Nikadhani ameumia, nikamwangalia miguu. Akasema, "Mjomba ameingia chumbani amebeba pesa. Amewagawia pale pale mbele yetu. Halafu ananiambia, vua jezi, pesa imefika. Wanaingia watano, na mimi ndiye wa kwanza kutoka."

"Krsta amesema nini?"

"Krsta amempa filimbi yake akaenda nyumbani."

Begi nililirudisha mwenyewe. Dereva hakuuliza kitu, na kahawa yake ilikuwa haijaisha. Ognjen alinibusu mara tatu, kama ilivyo desturi, akapanda, na wenzake wakapanda wakiwa bado na soksi za mpira. Basi lilipopita darajani nilisikia uwanja unalipuka. Dalibor alikuwa amefunga la pili.

Tulishinda tatu bila. Tarumbeta zililia tena na watu wakahamia kwangu wanataka bia. Niliwaambia sifungui. Nikaenda kumwona mama, ambaye anaishi nyuma ya baa, nikamkuta anapanga upya kabati lake. Kila bibi kijijini kwetu ana rafu moja kabatini ya siku yake ya kufa: gauni jeusi, soksi mpya, mishumaa, taulo za waombolezaji, na pesa ya jeneza na karamu ya arobaini. Gauni lilikuwepo, na mishumaa. Pesa haikuwepo.

"Nimempa Tihomir," akasema bila kugeuka. "Alikuja anahema, mtoto wangu. Atarudisha."

"Mama, amewapa watu wa mjini wapige mpira."

"Si wameshinda?"

Nikamfungia kabati. Nilitoka nikamkuta Tihomir kwenye meza ya nje, katikati ya watu wake, glasi imejaa. Akanyoosha mikono anikumbatie.

"Dada, umeona? Brestovo kimya."

Ufunguo wa nyumba yake ya ghorofa tatu nimeushika miaka kumi na moja. Mimi ndiye ninayefungua madirisha, ninayemwagilia maua, ninayewasha taa za Krismasi ili wapita njia wadhani kuna watu. Niliudumbukiza ndani ya glasi yake ya rakija.

"Wape wachezaji wako wakalale," nikamwambia. "Nyumba ziko tele, watoto ndio hatuna."

"Usiharibu siku, Persa. Nimetumia pesa kwa ajili ya kijiji hiki."

"Kijiji kipi? Kimeondoka na basi la saa kumi na moja."

Mtu mmoja alicheka, akaona hakuna anayemsaidia, akaacha. Tihomir aliutoa ufunguo kwa kidole, akaufuta kwenye shati, akauweka mezani. Jumatatu alirudi kazini Vienna. Ufunguo bado upo pale pale juu ya meza, nikipangusa meza naupitia kando.

Ognjen hupiga simu Jumapili jioni. Anaweka vigae vya mabafu, magoti yanamuuma, anakaa na wenzake wale watatu chumba kimoja. Wiki iliyopita aliniuliza tumepata matokeo gani. Nikamwambia tumeshinda, yule Dalibor kafunga, na jukwaani tulikuwa wazee kumi na mbwa.

Kisha akasema, "Jana mjomba alipita kwenye mkahawa na kopo la mchango. Mshahara wa namba nane haujatimia, anasema."

"Mwanangu, usitoe hata senti. Unanisikia? Hata senti."

"Wote walikuwa wananiangalia, mama."

"Umetoa?"

"Nimetoa yuro hamsini."