Mafundo ya Ziwani

Kiwanda cha nguo kilipofungwa kwa kukosa spea, Adventina aliondoka Nyakato akaenda Ilemela, akawa anashona nyavu za wavuvi pamoja na wafumaji wenzake. Miaka miwili baadaye, king'ora kikalia tena. Wafumaji wakaitwa, ila nusu yao tu.

Siku ya kwanza uzi ulimkatikia, akauunga chapuchapu. Mzee Kahigwa, msimamizi, akapapasa kitambaa.

"Adventina, hili fundo la wavu! Unatega sato humu?"

"Mzee, wavu ndio ulionilisha. Vidole havisahau haraka hivyo."

"Basi ni ninyi nyote! Zamu zote tatu, jora zima manundu!"

Jora likakataliwa, wafanyakazi wakagawiwa vipande. Adventina akashona gauni, akalivaa kanisani Jumapili. Padre alihubiri weee. Yeye alikuwa akipapasa manundu mapajani. Aliyajua tangu nyavuni: hili nene kama punje ya mtama, la Odeta. Hili la kuzungusha mara mbili, la Justa.

Alilitafuta la Jovitha, hakulipata, kisha akakumbuka kwamba Jovitha hajaitwa kiwandani, bado yuko kwenye nyavu.

Akatabasamu hata hivyo. Jora la pili lilikuwa bado mashineni; huenda Jovitha akaitwa kabla halijaisha.