"Mwanangu" ya Shangazi Miba

Saluni ya Mama Kitana ilikuwa na viti vitatu, vioo viwili na televisheni moja juu ya kabati la taulo. Aliyeingia pale akidhani amekuja kusukwa tu, basi alikuwa hajaambiwa. Kusukwa kulikuwa kisingizio. Watu walikuja kusema. Na Jumanne hiyo walikuwa na la kusema moja tu: kwa nini Shangazi Miba alimwita yule mtoto "mwanangu"?

Kwa ambaye hayumo: Shangazi Miba ni mwanamke wa katuni, shingo ndefu kama chupa, kucha nyeusi, moyo mweusi kuliko kucha. Katuni yenyewe imetoka nje, ikaingizwa sauti za Kiswahili, na kila Jumapili saa kumi jioni huwezi kumtuma mtu dukani. Miba anamlea Tone, mtoto wa marehemu kaka yake, na kulea kwenyewe ni kumtesa. Sehemu ishirini na mbili nzima hajawahi kumwita hata kwa jina. "Mtoto wewe, njoo." "Mtoto wewe, nipishe." Sasa Jumapili iliyopita paa la jumba likaanza kuporomoka. Miba akaruka, akamfunika Tone kwa mwili wake, akapiga kelele: "Inama, mwanangu!"

Saluni ikapasuka pande mbili.

"Ni mama yake," alisema Dada wa Posta, ambaye mchana kutwa hugonga mihuri kwenye barua, na akitoka kazini hugonga mihuri kwenye mambo ya watu. "Nilisema tangu sehemu ya tano. Yale macho ya mtoto yametoka wapi? Hakuna shangazi pale. Mama mzazi huyo, anajificha."

"Macho ya katuni yote yanafanana, mchoraji ni mmoja," alijibu Mwalimu kutoka chini ya mashine ya kukaushia nywele. Mwalimu hufundisha Kiswahili darasa la sita, na hata akisalimiwa husahihisha kwanza. "Na hilo neno ni la kila mtu. Muuza mkaa ananiita mwanangu, nami namzidi miaka kumi. Huyo anayekusuka hapo amekuita mwanangu mara nne tangu uketi. Amekuzaa?"

Watu wakacheka. Mama Kitana alicheka nao, ila mstari aliokuwa akiugawa kichwani mwa Dada wa Posta ukapinda.

"Huyu ananiita mwanangu kitana kikiwa mkononi," Dada wa Posta hakukubali. "Yule kaita paa linaanguka. Mwalimu wangu, neno la paa linaanguka halitoki mdomoni. Linatoka tumboni."

"Wifi, na wewe uko upande gani?" aliuliza dada wa mumewe Mama Kitana, ambaye ndiye aliyekuwa akiosha vichwa kwenye beseni.

"Mimi? Mimi sina upande. Inamisha kichwa, mwa..." Mama Kitana akajikohoza. "Inamisha kichwa, dada."

Maana Shangazi Miba ndiye yeye.

Mwaka mzima sasa, kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi, Mama Kitana aliwaaga watu kwamba anakwenda kliniki kupima presha. Kumbe anazunguka nyuma ya duka la magodoro, anapanda ngazi, anaingia chumba kilichopigwa sponji kuta zote, anavaa hedifoni na kuwa mbaya kwa saa tatu. Walimpata kwa bahati. Mke wa mwongozaji alikuja kusukwa siku ambayo mtu wa maji alileta madumu nusu, akasikia jinsi Mama Kitana alivyomgombeza, akarudi nyumbani akasema: ile sauti mnayoitafuta, nimekaa chini ya mikono yake.

Mkataba ulikuwa kurasa tatu, na ulimkataza kumwambia mtu yeyote mpaka katuni iishe. Kumfunga mdomo mwenye saluni, jamani, ni kuziba mto kwa kanga. Lakini alinyamaza. Miaka ishirini watu wamempa visogo. Kile chumba ndicho mahali pa kwanza ambapo mtu aliinua mkono akasema, "Kimya wote, mama anaongea." Hakutaka kukipoteza.

Na lile neno? Kwenye karatasi paliandikwa, "Inama, mtoto wewe." Alikuwa amechoka siku ile, akaliona paa linashuka, akamwona yule mtoto mdogo chini, na mdomo ukaenda zake, kama unavyokwenda kutwa nzima. Hakuna aliyeshtuka. Karatasi ikafunuliwa, kazi ikaendelea.

Alhamisi alipofika studio, mwongozaji hakuwa amekaa.

"Mama, wenye katuni wamenipigia simu. Watu wamejaa mtandaoni wanasema Miba ni mama mzazi. Kwenye hadithi yao si mama mzazi. Marudio ni Jumamosi, kwa hiyo leo tunasahihisha."

"Sawa, baba."

"Na mama yangu, nakuheshimu. Lakini ukiteleza tena sina ujanja. Yuko dada mmoja, amesomea sauti chuoni, kila siku ananigongea mlango."

"Kwani neno lenyewe limekosa nini?"

"Halikuandikwa. Kosa lake ni hilo tu."

Wakawasha picha. Paa likapasuka, Miba akaruka.

"Inama, mwa..."

Mwongozaji akavua hedifoni, akaziweka mezani polepole, kama mtu anayeweka sahani ya mgonjwa. 

"Mara moja zaidi," Mama Kitana aliomba. "Moja tu."

Safari hii alikunja mikono mgongoni, akaacha kutazama picha, akakodolea macho karatasi kama mtoto anayesoma ubaoni. "Inama, mtoto wewe!"

"Safi. Jumatatu saa tatu, usichelewe."

Alishuka ngazi mwepesi. Kazi ilikuwa imebaki mkononi, alhamdulillahi, na dada wa chuoni aendelee kugonga mlango. Alipofika kwenye duka la magodoro ndipo alipogundua kwamba hafurahi, akajiambia ni njaa.

Jumamosi saluni ilijaa hadi kizingitini. Kulikuwa na wanaosukwa, wanaosubiri, na wale ambao vichwa vyao havikuhitaji kitu chochote. Mwalimu alikuja na rundo la madaftari ya kusahihisha, Dada wa Posta akaja na njugu za kugawia kambi yake tu. Paa lilipoanza kulia, wifi mtu alifunga bomba. Miba akaruka.

"Inama, mtoto wewe!"

Neno lilipita kama mwanamke anayeomba apishwe mlangoni, wala halikumgusa mtu. Mama Kitana alilisikia kwa masikio ya watu wengine kwa mara ya kwanza, akaona aibu, kama fundi anayekutana barabarani na gauni aliloshona likiwa limefumuka.

"Wamelifuta!" Dada wa Posta akapata pumzi. "Mmeona? Kama si kweli, wamelifutia nini? Anayefagia njia kapita na kitu!"

"Au tulisikia vibaya," wifi mtu alisema.

"Watu kumi na nne tusikie vibaya? Tuna nta ya masikio ya kugawana?" Kisha akamgeukia Mwalimu. "Haya, shangilia. Umeshinda."

Wote wakamtazama Mwalimu. Mwalimu alikuwa ameshika kalamu nyekundu na hakuwa anasahihisha.

"Nimeshinda nini?" alisema. "Mimi nilibisha kwamba si mama yake. Sikusema asimwite. Mama kumwita mwanawe mwanangu, kuna habari gani hapo? Ndilo jina lake. Lakini mtu ambaye hakumzaa, hampendi, sehemu ishirini na mbili anamfukuza kama kuku, halafu paa linaanguka na neno linamtoka bila ruhusa yake... hiyo ndiyo hadithi. Mimi niliipenda kwa hilo. Sasa wameitoa roho."

Dada wa Posta aliacha kutafuna njugu. Haikuwa kawaida yake, na baadhi ya watu waliliona hilo kuwa kubwa kuliko paa.

Mama Kitana alikuwa amesimama na kitana hewani. Ndivyo ilivyokuwa, hasa ndivyo. Tangu Alhamisi amekuwa akiliita kosa.

Mwalimu alichana karatasi katikati ya daftari lake la maandalio. "Ya mtandaoni yanapepea," alisema, "barua inakaa mezani." Akaandika kwa mwandiko wa ubaoni: kwa walioingiza sauti za Kiswahili, sisi watazamaji tunaomba neno "mwanangu" lirudishwe mahali pake, na aliyelitamka ashukuriwe.

"Ongeza kwamba tunajua ukweli," Dada wa Posta alidai.

"Siongezi. Weka sahihi."

"Naweka. Na nitaipeleka kwa mkono wangu, isije ikalala kwenye gunia."

Karatasi ikatembea. Kambi zote mbili zikaandika, hata njugu zikavuka mpaka. Mwisho ikafika kwa Mama Kitana.

"Wifi, leo huna pa kukimbilia," wifi yake alimcheka. "Andika."

Alifuta mafuta mikononi, kidole kimoja kimoja. Barua hii ingetua kwenye meza ya mwongozaji, huyohuyo aliyeweka hedifoni mezani. Kule hakuna anayemjua kwa jina la Mama Kitana. Akiandika jina hilo atakuwa ametia sahihi na hajatia, na Jumatatu saa tatu atapanda ngazi kama kawaida. Akakaa kwenye kiti cha wateja, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akaweka karatasi gotini na kuandika majina yake yote matatu, kama yalivyo kwenye mkataba.

Dada wa Posta alichungulia begani. "Kumbe ndilo jina lako? Miaka yote hii! Jina zuri hivi unalificha?"

"Lilikuwa na kazi kwingine."

Akampa Mwalimu karatasi, akamwomba asiikunje kwanza, wino ukauke.