Barakoa ya Tatu ya Rosaura

Mke wangu, Rosaura Quizhpe, aliendesha basi la shule kati ya mji wetu mdogo wa Sígsig na jiji la Cuenca kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumsikia akisema anaogopa kitu. Ukungu ukishuka hadi kioo cha mbele kikawa cheupe, alitoa kichwa dirishani akaendelea na safari. Mawe yakiporomoka barabarani, alishuka akayasukuma pamoja na madereva wa malori. Kwa hiyo mchana ule aliporudi, akaketi jikoni bila kuvua koti, nilijua kuna jambo zito.

Alikaa hivyo mpaka mahindi meupe ya kuchemsha, tuyaitayo mote, yakakaribia kukaukia sufuriani. Kisha akanieleza. Kwenye kona iliyo juu ya mto, watoto kumi na mmoja wakiwa nyuma yake, alilala. Hakujua kwa muda gani. Aliiona kona inakuja, halafu akasikia kokoto zikigonga chini ya basi, na alipofumbua macho gurudumu la mbele la kulia lilikuwa limeshaiacha lami. Akakata usukani. Basi likarudi barabarani likiyumba.

"Watoto walinipigia makofi, Floresmilo," alisema. "Walidhani nimewachezea mchezo. Wakaniomba nirudie."

Nilizima jiko. Kuhusu usingizi wake nilijua jambo ambalo yeye mwenyewe hakulijua.

Mimi kazi yangu ni kofia. Wanawake wa vilimani huzisuka majumbani mwao, mimi huzivalisha kwenye kalibu za mbao na kuzipiga pasi mpaka zikae umbo. Ni kazi ya kukaa kimya, na mtu wa kukaa kimya hujifunza kusikiliza. Kukoroma kwa Rosaura hakukuwa siri. Dada yake Targelia alikuwa akisema nyumba yetu haihitaji jogoo. Lakini kuna kitu ambacho Targelia hakukijua. Katikati ya kukoroma, sauti ilikatika. Haikupungua, ilikatika. Nami nikiwa kitandani nilihesabu: kumi, ishirini, thelathini. Kisha Rosaura alishtuka na kuvuta pumzi kama mtu aliyenyanyuliwa kutoka majini, akaendelea kulala bila kujua lolote.

Nilianza kuhesabu binti yetu Lucía akiwa bado ananyonya. Mwanzoni nilidhani ndiyo namna yake ya kulala. Baadaye baba yangu mdogo alikutwa asubuhi amekufa kitandani, naye alikuwa mkoromaji, na tangu hapo niliogopa kulitaja jambo lile. Niliona kama nikilitaja nitaliita. Nikanyamaza, mwaka baada ya mwaka, na mke wangu akawa anaamka na kichwa kizito na kujilaumu kwa uvivu.

Alikwenda kwa daktari mwenyewe, Cuenca. Walimlaza wamembandika nyaya, na karatasi ikatoka inasema pumzi yake hukatika mara arobaini na moja kwa saa moja. Daktari alimweleza kwamba koo lake hujifunga akilala, moyo unahangaika, ubongo haupumziki hata kidogo. Alimpa mashine ndogo ya kusukuma hewa ili koo libaki wazi, na barakoa ya kuivaa usoni. Akamkataza usukani mpaka atibiwe. Rosaura alimrudishia mwenye basi, don Eudoro, funguo zake, akamwambia ni mgongo.

Barakoa ya kwanza ilimfunika pua na mdomo. Aliyempimia alikuwa na haraka. Alimvalisha akiwa ameketi kitini, akavuta mikanda, akamwambia atazoea. Usiku ule hazikupita dakika mbili. Aliing'oa, akakimbilia uani miguu mitupu, nikamkuta ameukumbatia ukuta akihema.

Hapo ndipo nilipoyasikia mambo ambayo sikuwa nimeyasikia katika miaka thelathini ya ndoa. Akiwa na miaka saba walimpeleka kukatwa mafindofindo. Watu wawili walimshika miguu na mikono, wa tatu akamfunika uso kwa barakoa yenye dawa ya usingizi, yenye harufu tamu ya kuchefua.

"Nilikuwa namwita mama," alisema, "na mama yuko pale pale mlangoni. Anatazama tu. Nikajua wamekubaliana niuawe."

Nilimfunika shali. Aliniambia afadhali afe usingizini kuliko kuvaa kitu kile tena, na alilisema polepole, kama mtu aliyeshakata shauri.

Hata hivyo alijaribu. Walimpa nyingine, ya pua peke yake. Hewa ikawa inavuja pembeni na kumpuliza machoni, naye akawa anaikaza mikanda kila siku zaidi, mpaka ngozi ya juu ya pua ikachubuka na kutoa damu. Sokoni watu walidhani nimempiga. Aliivaa robo saa, nusu saa, kisha nilimwona anaitupa chini ya kitanda. Kila jioni ilipokaribia alianza kutafuta kazi za kufanya: kufagia palipofagiliwa, kusugua masufuria masafi. Alikuwa anaogopa kitanda. Nami nilikuwa naogopa pamoja naye, tena zaidi, maana mimi ndiye niliyekuwa macho.

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana alipitiwa na usingizi kitini, bila barakoa, kidevu kifuani. Nilikuwa mbele yake naosha vyombo. Sauti ikakatika. Nikahesabu kwa mazoea. Thelathini. Arobaini. Nikageuka. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka bila kuingiza hewa, na midomo ilikuwa imeanza kugeuka rangi kama ya zabibu nyeusi. Sikuwahi kuuona uso huo. Miaka yote nilihesabu gizani. Sahani ilinitoka. Nilimshika mabega nikamtikisa nikimwita jina, naye akazinduka akinipiga, hajui mimi ni nani.

Alipotulia, nilimwambia. Nilimwambia yote, tangu Lucía alipokuwa ananyonya.

"Miaka ishirini na sita," alisema. "Unanisikia nakufa, unahesabu."

"Niliogopa, Rosaura."

"Na mimi je? Na wale watoto? Mwanamume mzima umelala pembeni yangu na hesabu zako."

Hakupaza sauti. Aliokota vipande vya sahani, akaenda kulala chumbani kwa Lucía, ambaye siku hizi anaishi Guayaquil, akafunga mlango. Nililala sakafuni nje ya mlango ule, sikio kwenye ubao. Kila sauti ilipokatika niligonga. Ilipofika alfajiri alifungua akaniona pale chini, akaniruka kama mtu anavyoruka dimbwi, akaenda kuchemsha maji ya kahawa. Aliweka vikombe viwili. Akaniambia nivae viatu, tunakwenda Cuenca, na safari hii naingia ndani naye.

Kliniki, aliyetupokea hakuwa yule mpimaji mwenye haraka bali msichana mmoja, Yadira Pacheco, mwenye sauti ya taratibu na kabati lililojaa barakoa za kila namna. Alikitazama kidonda cha pua, akauliza nani alimpimia, na kama alilazwa wakati wa kupimwa. Rosaura akasema aliketi.

Maneno yakanitoka yenyewe. Nilisema mtu akilala uso wake si ule ule. Mashavu huanguka pembeni, na ngozi ya utosini huvutika. Mimi napima vichwa maisha yangu yote, na ukimpima mtu kofia ameinamisha kichwa, akisimama haimkai. Yadira akacheka, akasema don Floresmilo angefaa kuajiriwa pale. Akamlaza Rosaura kitandani.

Lakini tatizo halikuwa kipimo peke yake, na Yadira aliliona. Vidole vya Rosaura vilikuwa vimeng'ang'ania pembe za godoro. Yadira akarudi nyuma hatua moja, akaiweka barakoa ya tatu mkononi mwake badala ya usoni. Ilikuwa kitu kidogo sana: vipande viwili laini vya kuegemea kwenye matundu ya pua, na mpira mwembamba wa hewa uliopita juu ya utosi. Mdomo ulibaki wazi. Macho pia.

"Mimi sikugusi, mama," alimwambia. "Mumeo hakugusi. Utaiweka mwenyewe na kuitoa mwenyewe. Hata mara mia."

"Na nikishindwa?"

"Utaiweka mezani, tutakunywa chai."

Alijaribu bila mikanda, bila hewa, akiishikilia kwa mkono wake. Akaitoa. Akaiweka tena. Jasho lilikuwa linamtoka shingoni. Mara moja nilisogea kumsaidia, akanizuia kwa macho, nikarudi ukutani kwenye nafasi yangu. Aliitoa mara kumi na nne kabla ya kumruhusu Yadira awashe hewa, kidogo, kiasi cha pumzi ya mtu anayepoza supu.

Nyumbani alifanya kama alivyoelekezwa: aliivaa mchana, macho wazi, kazi ikiendelea. Alimenya maharage mapana ameivaa. Alitazama tamthilia ameivaa. Targelia alipita siku moja akamwambia amekuwa kama tembo anayetafuta njia ya kurudi sarakasi, na Rosaura akacheka hewa ikamtoka mdomoni kwa filimbi, tukacheka sote watatu, kicheko cha kwanza nyumbani baada ya wiki nyingi. Mkanda wa nyuma ulikuwa unateleza juu ya msuko wa nywele zake. Nilimwomba ruhusa, akanipa. Nikaushonea kipande cha kitambaa laini kile ninachoweka ndani ya kofia, nikauacha legevu. Ukatulia.

Alilala nayo kwa mara ya kwanza saa tisa alasiri, kwenye kochi la karakana yangu, kwa sababu alisema chumbani bado kunamtisha. Niliendelea kupiga pasi. Baada ya muda nikagundua kwamba sisikii kitu. Hakuna kukoroma, hakuna kuvuta pumzi kwa nguvu. Nikahesabu mpaka sitini na ukimya haukuisha. Nilifikiri: imemuua, nami nimeushona mkanda kwa mikono yangu. Nilipiga magoti kando yake, nikaweka kiganja kifuani. Kilipanda. Kikashuka. Kikapanda, polepole, kama cha mtoto. Nilikaa hapo mpaka pasi ikaunguza kofia ya mtu.

Akafumbua macho. "Mbona unanitazama kama maiti?"

"Nilidhani umekufa."

"Nimelala," alisema, kwa mshangao, kana kwamba yeye ndiye aliyeambiwa habari hiyo.

Haikuwa mteremko baada ya hapo. Zipo siku aliivua katikati ya usingizi bila kujua, zipo siku alirudi uani kushika ukuta. Lakini miezi mitatu baadaye daktari alisoma kumbukumbu za mashine, akampima tena, akamwandikia ruhusa ya usukani. Kabla ya kuzichukua funguo, Rosaura aliwaita wazazi wote shuleni. Nilimsihi asifanye hivyo. Aliwaambia habari ya ile kona, aliwaambia hakuumwa mgongo hata siku moja, na aliwaonyesha karatasi za daktari. Don Eudoro alitazama chini muda wote. Familia mbili ziliwatoa watoto wao kwenye basi siku hiyo hiyo. Mama mmoja alimwita muuaji, naye hakujitetea.

Jumatatu ya kwanza nilipanda basi nikaketi nyuma yake. Nilisema nina mzigo wa kofia wa kupeleka Cuenca. Njia nzima nilikuwa nayatazama macho yake katika kioo, na kila alipopepesa nilishika chuma cha kiti. Tulipoikaribia ile kona midomo yangu ilikuwa inahesabu, nadhani kwa sauti, maana mtoto aliyekaa kando yangu alianza kulia.

Rosaura aliegesha basi pembeni, taratibu, akavuta breki ya mkono. Alinigeukia.

"Shuka, mume wangu."

"Rosaura..."

"Unawatia hofu. Na mimi pia. Shuka, nitakuchukua nikirudi."

Nilishuka na kofia zangu. Mlango ukafungwa. Nilisimama ukingoni, mto ukinguruma huko chini, nikalitazama basi likiingia kwenye kona, nikafumba macho, kisha nikayafumbua kwa sababu kuyafumba kulikuwa kubaya zaidi. Lilitokea upande wa pili, likapanda mlima, dogo na la njano, mpaka ukungu ukalifunika. Nikaketi juu ya jiwe kumsubiri.