Makofi Katika Mabano

Katika ukumbi ule wenye viti mia tatu na ushee, hakuna mbunge aliyejaliwa sauti nene na tamu kama yake. Sauti ya kutikisa madirisha. Ila tuseme ukweli kidogo: madirisha yalikuwa bado salama, maana kwa miaka minne sauti hiyo ilitumika zaidi kuagiza chai mkahawani, na hata chai yenyewe ilikuja bila sukari kwa kuwa mhudumu hakusikia vizuri.

Siku hiyo alikuwa amekaa mahali pake pa siku zote, mstari wa mwisho kabisa, ubavuni mwa mlango wa maliwatoni, akikitazama kipaza sauti kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua. Katika mfuko wa koti alikuwa na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, akaifuta, akaiandika upya siku nne mfululizo. Ilihusu daraja moja tu.

Wenzake walimwita Mheshimiwa Yameshasemwa. Jina hilo alilichuma kwenye kamati. Mwenyekiti alipozunguka meza akiomba kila mjumbe atoe mchango wake, ikifika zamu yake alikohoa kidogo, akanyoosha tai, akasema, "Ahsante Mwenyekiti, yangu yameshasemwa na waliotangulia." Mara nyingine yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuulizwa. Wajumbe wakacheka mpaka machozi, naye akacheka nao asije akabaki peke yake.

Mwezi uliopita mzaha huo ulimtumbukia nyongo. Kamati ilikuwa ikipitia makadirio ya Wizara ya Ujenzi, ukurasa kwa ukurasa, watu wakitafuna biskuti na kuangalia saa. Wakafika kwenye kifungu cha daraja la jimboni kwake. Ofisa wa wizara akaeleza kwamba kifungu hicho kimeondolewa mwaka huu, labda kama yupo mjumbe mwenye neno. Mwenyekiti akamgeukia. Akakohoa kidogo, akanyoosha tai, na mdomo, bila kumwomba ruhusa mwenye mdomo, ukasema, "Yangu yameshasemwa."

Hakuna aliyekuwa amesema lolote. Karani akapiga mstari, wakafungua ukurasa mwingine.

Daraja hilo alikuwa amemwahidi dada yake. Dada huyo ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akamfulia sare za shule, akamchapa alipostahili. Sasa alikuwa mkunga wa zahanati ndogo ng'ambo ya mto. Msimu wa mvua uliopita, binti mmoja mjamzito alifikishwa ukingoni juu ya machela, uchungu umemshika, na mto umefurika. Mkunga akasimama upande wa pili na mkoba wake, wakawa wanaonana kabisa. Akapaza sauti kumwelekeza mama mkwe wa yule binti afanye hivi, asifanye vile, na maji yakavuma juu ya maneno yake yote. Mto ulipopungua kesho yake, hapakuwa tena na wa kuzalishwa.

Baada ya mazishi, mkunga alimpigia mdogo wake simu. Hakulia, wala hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Bwana mdogo, mimi nilipiga kelele mto ukanizidi. Wewe umepewa kipaza sauti."

Sasa ilikuwa imebaki nafasi moja. Kifungu kilichoondolewa na kamati kingeweza kurudishwa humo ukumbini, kama mbunge angesimama akakidai kabla ya kura. Kura ikishapigwa, ndiyo basi mpaka mwakani, na kati ya leo na mwakani kulikuwa na mvua.

Tangu asubuhi alikuwa ametuma kwa Spika vikaratasi vitatu vya kuomba nafasi. Mnadhimu wa chama alipita akamgusa bega, akamwambia atulie kaka, atapata. Akatulia. Kutulia ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote. Kabla ya chakula cha mchana wasemaji walipewa dakika kumi kumi, baada ya chakula tano tano, kisha tatu. Mmoja alizimaliza zote tatu akimshukuru mke wake kwa kumvumilia, na nusu ya ukumbi, waliomjua, wakaona kweli mama wa watu anastahili.

Ndipo Spika akalitaja jimbo lake. Mchangiaji wa mwisho, dakika moja.

Akasimama. Akabonyeza kitufe, taa nyekundu ikawaka.

Sasa, ukumbi ule ulikuwa na adabu zake. Huwezi kuinuka tu ukaanza na daraja, kama mtu anayeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi. Unaanza na shukrani. Wabunge wazoefu walizitema upesi kama maganda, wakaingia kwenye jambo lao. Yeye shukrani ndizo alizozifanyia mazoezi bafuni mwaka hadi mwaka, akazipata sawasawa, na humo ndimo alimojisikia salama. Akamshukuru Mungu kwa uhai. Akamshukuru Spika kwa nafasi. Akamshukuru Waziri, na Naibu Waziri, na Katibu, na wataalamu wote wa wizara kwa kazi nzuri. Hao hao waliomfutia daraja. Akawashukuru wapiga kura wake. Kisha, kama ilivyo desturi ya mbunge wa chama kinachotawala, akasema kabla hajasahau anaunga mkono hoja.

"Baada ya kusema hayo, Mheshimiwa Spika," akavuta pumzi, mkono tayari uko kwenye karatasi, "nina jambo moja tu, nalo ni..."

Kengele ikalia. Taa ikazima.

"Ahsante sana Mheshimiwa," Spika akasema. "Tumekuelewa."

Yeye akaendelea kidogo, maana maneno yalikuwa yameshafika mlangoni. Alilitamka daraja, akautamka na mto. Aliyemsikia ni jirani yake wa kiti cha kushoto, ambaye alizinduka usingizini akauliza kama ni muda wa kutoka.

Karani mmoja alimwonea huruma. Akamnong'oneza kwamba mchango wa maandishi unapokelewa mpaka Waziri aanze kujibu, kwa hiyo alete hiyo karatasi haraka, utaingia kwenye taarifa rasmi kama ulivyo. Hatutagusa hata nukta, akamwahidi.

Akatoka nayo hadi kwenye korido, akailaza juu ya kizingiti cha dirisha. Alikuwa msomaji mzuri wa taarifa rasmi za Bunge, pengine ndiye peke yake aliyezisoma kwa hiari. Miaka minne alizipekua akitafuta jina lake, na alijua jinsi hotuba za wakubwa zinavyopambwa: mtu akisema jambo zito, waandishi wa Bunge huweka neno moja ndani ya mabano. Akaitazama karatasi yake. Ilionekana maskini, kama meza isiyo na kitambaa. Kalamu ilikuwa mkononi. Mwisho wa aya ya kwanza akaandika: (Makofi). Ikapendeza. Akaweka na mwisho wa aya ya pili, na ya tatu, na ya nne, upesi upesi, bila kurudia kusoma, kwa sababu ndani Waziri alikuwa ameshaanza kukohoa, akaikimbiza kwa karani.

Waziri alijibu kwa kifupi. Waliochangia kwa maandishi, alisema, ni wengi na wote anawathamini. Naomba nisiwataje kwa majina ili kuokoa muda. Kisha Spika akawahoji. Wanaoafiki waseme ndiyo.

Hapo, ndugu zangu, ile sauti ilitoka. Ilitoka nene, tamu, ya kutikisa madirisha, hata watu wa mstari wa mbele wakageuka kutazama ni nani huyo anayeafiki kwa moyo wote hivyo. Miaka minne ya kusema ndiyo ilikuwa imemzoea, haikumngoja. Alipofumba mdomo, waliosema ndiyo walikuwa wameshashinda.

Alikwenda jimboni wiki tatu baadaye. Mto ulikuwa bado mtulivu, maji ya magotini. Akavuka ameshika viatu mkononi, suruali ameikunja, ukurasa wake wa taarifa rasmi ameubana kwapani ndani ya mfuko wa nailoni. Upande wa milimani mawingu yalikuwa yameanza kukaa vikao.

Alimkuta dada yake ameketi kwenye ngazi ya zahanati, anafua glavu na kuzianika moja moja kwenye kamba, vidole vikiangalia chini. Walisalimiana. Mkunga akauliza habari za mke na watoto, akauliza na kifua chake, kama bado kinambana. La daraja hakuuliza. Hilo ndilo lililomtia kiwewe mdogo wake, akaanza kusema kabla hajaketi.

Alimwambia kwamba amelipigania. Fedha zimekwama kidogo, mambo ya wakubwa, ila alisimama ukumbini akasema yote, neno kwa neno, dakika kumi nzima, na Bunge zima lilimsikiliza mpaka wengine wakatoa vitambaa. Kadiri alivyosema ndivyo alivyoanza kuyaona. "Dada, walinipigia makofi mara nne," akasema. "Imeandikwa humo."

Mkunga akajikausha mikono kwenye kanga. Akaupokea ukurasa, akausogeza mbali na macho kama wafanyavyo watu waliosahau miwani, akausoma taratibu, kidole kikitembea chini ya mstari. Kikasimama.

"Mmh. Hapa nimekusikia vizuri," akasema. "Machela. Na mimi nimesimama ng'ambo. Halafu yule binti anakata roho." Kidole kikasogea mbele kidogo. "Hapa wakapiga makofi?"

Mdogo wake akasema kwamba kule Bungeni ndivyo watu wanavyoonyesha kuguswa.

"Kumbe."

Akarudisha kidole juu kabisa ya ukurasa, kwenye maandishi mazito ambayo mdogo wake hakuwa ameyatazama, kwa vile macho yake yalikuwa yamekimbilia jina lake. Akasoma kwa sauti ileile anayosomea maelezo ya dawa: "Wabunge waliochangia kwa maandishi."

Glavu zilidondosha maji kwenye saruji, tone, tone.

Mkunga akaukunja ukurasa mara mbili, akauweka gotini. Hakuonekana kukasirika. Alimtazama kama alivyokuwa akimtazama zamani, akitoka shule na kalamu imepotea.

"Basi hebu nipigie hayo makofi, mwanangu," akasema. "Kama walivyopiga. Nami nisikie."

Mheshimiwa akaviweka viatu chini. Akainua mikono yote miwili, akaifikisha usawa wa kifua, viganja vikitazamana.